Uzi, Mlango na Jino la Zornitsa

Studena Reka, 9 Oktoba 2016

Kwa Daktari Bozova, mjini.

Mimi Velichko Uzunov nina miaka themanini na minne. Nimeishi kuliko mfalme mmoja, chama kimoja, shamba la ushirika walilosema litadumu milele, mke wangu Nevena, punda wanne, na meno yangu ishirini na saba. Yamebaki matano na yote yananitii.

Nakuandikia kwa sababu simu siisikii, na kwa sababu neno la mdomo mtu hulikana. Barua anakuletea Spas, dereva wa basi la asubuhi, pamoja na kopo la mtindi. Kopo nirudishie.

Sasa sikia. Juzi mjukuu wangu Zornitsa ameshuka kwenye basi akiwa amefumba mdomo kama mtu aliyeiba sukari. Nikamwambia fungua. Akafungua. Daktari, mimi nilizungushia bustani yangu yote uzio kwa waya mchache kuliko huo.

Najua utasema nilisaini. Nilisaini, ndiyo. Mama yake, binti yangu Snezhana, yuko Hispania anatunza wazee wa watu, na kwa simu ya mtoto alinipigia kelele: baba, saini karatasi ya meno. Mimi nikadhani ni ya kuyasugua. Ningejua ni ya kuyatia pingu ningeichoma jikoni.

Na hujui unayemwandikia dawa ni nani. Katika kijiji hiki mtu wa meno ni mimi tangu mwaka hamsini na saba. Uzi wa kushonea viatu, kitasa cha mlango, na mtoto namwuliza jina la punda wangu wa pili. Kabla hajajibu, limetoka. Nimeng'oa mia tatu na kumi na moja. Nimemng'oa padri. Nimemng'oa polisi, bastola ikiwa kiunoni mwake. Hajafa hata mmoja, isipokuwa wale waliokufa baadaye kwa mambo yao.

Zornitsa mwenyewe nilimng'oa la kwanza akiwa na miaka sita. Akalirusha juu ya paa kama tunavyofanya, akasema, kunguru, chukua jino la mfupa, nipe la chuma. Sikujua kwamba kunguru siku hizi ameajiriwa kwako.

Meno ya kina Uzunov hupishana. Ya baba yangu yalipishana, na alifungulia nayo chupa mpaka siku anakufa. Hakuna aliyewahi kuyaonea haya. Toa chuma hicho. Nitamleta Jumatatu ijayo.

Velichko Uzunov, ameandika kwa mkono wake mwenyewe


Mjini, 12 Oktoba 2016

Babu Velichko, shikamoo.

Nimeipokea barua yako na mtindi. Kopo nimeliosha, Spas analo. Mtindi ulikuwa mtamu, na sidhani kwamba nilistahili baada ya yote uliyoniambia.

Kama shida ingekuwa kupishana tu, pengine ningekuachia meno ya kina Uzunov yapishane kwa amani. Shida ya Zornitsa haionekani kwa macho. Ana miaka kumi na mitatu na chonge lake la juu, upande wa kulia, halijatoka. Nimepiga eksirei. Limelala ubavu ndani ya kaakaa, na kichwa chake kinausukuma mzizi wa jino dogo la mbele lililo jirani yake. Haliumi. Ndiyo hatari yake. Tukiliacha litaendelea kuula mzizi huo kimyakimya, na siku moja jino la mbele litatoka lenyewe mkononi mwake akiwa bado msichana.

Hizo waya zinafungua nafasi. Nafasi ikipatikana, mwezi wa kumi na mbili nitaufungua ufizi kidogo, nilifunge chonge kwa mnyororo mwembamba wa dhahabu, na kulivuta chini polepole, kama milimita moja kwa mwezi. Itachukua karibu miaka miwili. Nitahitaji kumwona kila baada ya wiki nne.

Ombi moja. Asile jozi, wala mbegu za alizeti, wala mahindi ya kukaanga.

Wako kwa heshima,
Daktari Rumyana Bozova


Studena Reka, 19 Oktoba 2016

Daktari, marahaba.

Zornitsa amenisomea barua yako mara mbili, kwa sababu mwandiko wako unakimbia kama kuku mbele ya mbwa.

Onyo la jozi limechelewa siku moja. Nina miti mitatu nyuma ya nyumba na mwaka huu imezaa vibaya sana, yaani imezaa mpaka matawi yanaomba msamaha. Mtoto akatafuna moja na kile kidude cha chuma kilichobandikwa kwenye jino kikabanduka, kikaning'inia kwenye waya. Alianza kulia. Nikamwambia, unalia nini, babu yako yupo? Nikalikausha jino kwa kitambaa safi, nikapaka gundi ya viatu, ile ya kopo jekundu, nikakishikilia mpaka nikahesabu mia moja. Kimeshika. Nathubutu kusema kimeshika kuliko vyako.

Jumatatu sikumleta. Nilikuwa nimeshamvalisha koti. Lakini jambo moja kwenye barua yako limenifanya nifikiri. Huo mnyororo ni dhahabu kweli, au ni rangi? Maana nimewaambia pale dukani kwamba mjukuu wangu anatiwa dhahabu ndani ya kaakaa, na kwamba mambo hayo hawafanyiwi watu wa hivi hivi. Wote wakageuka kunitazama. Bibi Fida jirani yangu peke yake ndiye aliyesema, "Velichko, we utasema hata jua linatoka kwako." Huyo usimjali, haamini hata theluji mpaka imwangukie.

Basi endelea. Usidhani umenishinda. Nimeamua mwenyewe.

Velichko Uzunov


Mjini, 24 Oktoba 2016

Babu Velichko, shikamoo.

Dhahabu ni kweli. Ni kidogo, lakini ni kweli.

Gundi yako pia ni kweli. Ilinichukua dakika arobaini kuiondoa, na Zornitsa alivumilia kuliko mimi. Ulikuwa umekibandika kichwa chini miguu juu. Namshukuru Mungu hukukibandika na ulimi.

Tafadhali, siku nyingine kitu kikibanduka, kikunjwe kwenye karatasi nami nitakirudisha mwenyewe. Jozi naomba uzile mwenyewe kwa niaba yake.

Tarehe saba Desemba tutafanya ule upasuaji mdogo. Ni wa nusu saa, kwa ganzi. Nitampa Zornitsa maelezo yote ya siku zinazofuata, na nitamfanya ayarudie mbele yangu mpaka ayajue kwa moyo. Yeye ni msichana wa kushika mambo.

Wako kwa heshima,
Daktari Bozova


Studena Reka, 16 Januari 2017

Daktari,

Najua Jumatano iliyopita mtoto hakuja. Ungeiona theluji yetu usingeuliza. Imefika kwenye madirisha, basi la Spas limezama mpaka kwenye kioo, na yeye mwenyewe analala kwa binamu yake hapa kijijini na kuwalia chakula chao. Tangu Jumamosi umeme hakuna, na ule mnara wa simu kilimani umekufa, kwa hiyo Zornitsa anazunguka na simu yake kama mtu anayetafuta kuku aliyepotea. Kesho asubuhi Spas anashuka na greda la theluji. Barua hii anayo yeye.

Sasa jambo lenyewe. Leo wakati wa chakula nimemwona mtoto anatafuna upande mmoja. Nikamwambia fungua. Nimegusa lile jino lake dogo la mbele, hilo hilo uliloniandikia. Linacheza. Nililisogeza mbele likaenda, nyuma likarudi. Nimegusa na majirani zake, nao wanatikisika kidogo, lakini hilo linacheza dansi.

Daktari, sikulaumu. Umejaribu. Ila hapa umekuja kwenye shamba langu. Jino linalocheza limekufa, na lililokufa likiachwa linawaozesha walio hai. Sijajifunza hili kwenye vitabu. Nimelijifunza kwenye vinywa mia tatu na kumi na moja. Zornitsa anasema, "Babu, mi nadhani ni kawaida." Nimemwambia, nadhani si dawa.

Ningelitoa leo, lakini jua limeshapita mlima, na jino halitolewi jua likishapita mlima. Kesho ni Mtakatifu Anton na keshokutwa ni Atanas. Siku hizo mbili katika nyumba yangu hauguswi uzi wala sindano, wala hazichemshwi kunde wala maharage, ili magonjwa yapite bila kugeuza kichwa. Marehemu Nevena angefufuka anipige. Kwa hiyo ni Alhamisi tarehe kumi na tisa, adhuhuri. Uzi ninao. Huo waya wako nitaukata kwanza kwa koleo la uzio, nitaukata kwa adabu, na nitakurudishia pamoja na dhahabu yote ili usiseme kina Uzunov ni wezi.

Siombi ruhusa. Nakuarifu kama mtu wa kazi anavyomwarifu mwenzake.

Velichko Uzunov


Mjini, 17 Januari 2017
Kwa mkono wa yeyote atakayetangulia kupanda Studena Reka

Babu Velichko,

Usiliguse. Naanza na hilo, na shikamoo itafuata. Usiliguse jino la mtoto.

Spas amenipa barua yako saa nne asubuhi. Saa nne na robo theluji imeanza tena. Watu wa barabara wananiambia greda halipandi mpaka Ijumaa. Nimepiga simu ya Zornitsa tangu hapo bila kupata hata mlio. Nimempigia mwenyekiti wa kijiji, ni vilevile. Nimeuliza kama mtu anaweza kupanda kwa miguu, wakasema njia imezikwa. Sasa naandika barua ambayo huenda ukaisoma siku moja baada ya muda wake, lakini siwezi kukaa bila kuiandika.

Kosa ni langu. Nilikuonya kuhusu jozi na gundi, nikasahau kukuambia jambo ambalo kwetu hapa ni la kila siku kiasi kwamba hatulisemi tena. Meno yanayovutwa hulegea. Yote. Lazima yalegee. Wewe umejenga uzio. Ukitaka kuhamisha nguzo shibiri moja bila kuing'oa, unafanyaje? Unalegeza udongo upande inakokwenda, unashindilia upande inakotoka. Mfupa wa taya unafanya hivyo wenyewe, mbele unalainika, nyuma unajengeka. Katikati ya kazi hiyo jino hucheza. Halijafa, Babu. Linatembea.

Meno uliyowang'oa watoto maisha yako yote yalikuwa ya utotoni, nyuma ya kila moja kulikuwa na lingine linangoja. Nyuma ya hili hakuna. Mzizi wake umeumwa kidogo na lile chonge, ndiyo maana linacheza kuliko wenzake, lakini upo na unashika. Ukilivuta kwa nguvu zako zile litatoka, nakubali, utafaulu. Kisha Zornitsa atakaa na pengo hilo miaka sabini.

Ngoja barua hii. Kama ni kwa ajili ya mtakatifu mwingine, mtafute.

Rumyana Bozova


Studena Reka, 20 Januari 2017

Kwa Daktari,

Barua yako imefika leo Ijumaa saa sita, ameileta dereva wa greda. Alhamisi ilikuwa jana.

Mimi ni mtu anayetimiza aliyosema. Uzi ulifungwa, mlango ukabamizwa, jino limetoka. Sina zaidi ya kuandika. Wino unaganda, ni baridi.

Zornitsa atakuja na basi la kwanza. Usimgombeze, hana kosa.

V. Uzunov


Studena Reka, 20 Januari 2017

Daktari Rumyana,

Babu hajui kama nakuandikia. Ameniachia barua yake niitie kwenye bahasha, nikaisoma, na nimeona itakuua kwa presha. Kwa hiyo tulia kwanza. Jino langu lipo. Vyote vipo, waya, mnyororo, kila kitu. Sasa nakueleza.

Jana adhuhuri aliweka kiti karibu na mlango wa jikoni. Mezani kulikuwa na uzi na lile koleo kubwa. Bibi Fida alikuwa amekuja kuota moto kwetu kwa sababu kuni zake zimelowa, amekaa anafuma soksi.

"Kaa hapa," Babu akasema. "Haya, punda wangu wa pili alikuwa anaitwaje?"

"Babu, hiyo naijua tangu nina miaka sita. Usinichezee."

"Basi kaa bila swali."

Nilikataa. Nikamwambia hili siyo la utotoni, halioti lingine. Akasema nimeanza kuongea kama daktari kwa kuwa nimebandikwa vyuma. Akanyoosha mkono kuchukua koleo na mimi nikarudi mpaka ukutani, Daktari, nikafumba mdomo kwa mikono yote miwili. Yeye si mkali, unajua. Ndiyo shida. Alikuwa na hakika kabisa ananisaidia.

Hapo Bibi Fida akasema bila kuinua kichwa kwenye soksi, "Na lako je, Velichko?"

"Langu lipi?"

"Hilo la chini. Linacheza tangu Nevena yu hai. Ukinywa supu tunalisikia mpaka nyumbani kwetu."

"Hilo halichezi. Linapumzika."

Nikaona hapo nimepata upenyo. Nikamwambia, "Babu, toa lako kwanza. Likitoka salama nitakaa kwenye kiti mwenyewe, na waya nitakushikia ukate."

Akarudisha mkono. Alikuwa anautazama uzi. Bibi Fida akaweka soksi chini polepole. "Ee Mungu," akasema. "Velichko. Wewe hujawahi kujing'oa hata moja."

"Yangu yalikuwa yanaanguka yenyewe. Yana adabu."

"Unaogopa!"

"Mwanamke, funga domo lako."

"Miaka sitini anabamiza mlango kwenye mataya ya watu, kumbe anaogopa!" Alicheka mpaka kilemba kikamtoka.

Basi unamjua Babu. Alichukua uzi, akalifunga jino lake la chini mafundo mawili, upande wa pili akafunga kwenye kitasa. Akakaa. Mikono alikuwa ameishika magotini namna hii, kama watu wanavyokaa kwenye picha za zamani. Akasema, "Fida, bamiza." Naye Bibi Fida akabamiza, kwa moyo mkunjufu sana.

Lilitoka. Akaliinua juu, akasema, "Mmeona? Halikuuma hata kidogo." Na damu ikawa inamtiririka kidevuni.

Haikukoma. Babu anameza vile vidonge vya moyo vinavyofanya damu isigande, sijui kama unajua, yeye huwa anawaambia watu ni vitamini. Alitema kwenye beseni, akasema ni kidogo, akatema tena. Akataka rakia, ile pombe yake kali, asukutue. Beseni likawa jekundu, na yeye akawa na rangi ya jibini. Barabara imefungwa, simu imekufa. Bibi Fida alikuwa ameacha kucheka kitambo, anasoma dua.

Nikakumbuka maelezo uliyonifanya niyarudie mara tatu mwezi wa kumi na mbili. Kitambaa safi, kikunje kiwe kigumu. Kiweke palepale kwenye shimo, uma kwa nguvu. Kaa wima, kichwa juu. Usiteme, usisukutue, usinywe cha moto, usichungulie kabla ya nusu saa. Nikachemsha kitambaa cha marehemu Bibi, nikakipoza kwenye theluji, nikamtia mdomoni. Rakia nikaificha kwenye pipa la unga. Alikuwa ananitolea macho kwa sababu hawezi kusema. Nusu saa ya kwanza, bado inatoka. Ya pili, kidogo. Ya tatu, ikakoma. Ilikuwa saa tisa na nusu mchana. Bibi Fida alikuwa amemshika mkono muda wote, na hakuna kati yao aliyekuwa anatania.

Baadaye alinyoosha kidole kuelekea mdomo wangu, akainua nyusi, yaani, na lako?

Nikamwambia, "Langu linakaa, Babu."

Akatikisa kichwa, sawa. Kisha akachukua kipande cha karatasi akaandika: Daktari asijue.

Ndiyo hivyo. Barua yako ilipofika leo nilimsomea. Nilipofika pale pa pengo na miaka sabini aliniambia nirudie. Nikarudia. Akaenda kukata kuni, nikamzuia, akaenda kuzitazama tu.

Nataka kuuliza mambo mawili. Babu anywe vidonge vyake leo au asinywe? Na jino langu, litakuja kushika tena?

Zornitsa


Mjini, 23 Januari 2017

Babu Velichko, shikamoo.

Zornitsa amekuja leo. Nimemhesabu meno mara mbili. Yapo yote, kwa hiyo sina mtu wa kumgombeza. Jino la nani lilitoka Alhamisi, sijauliza na wala sihitaji kuambiwa.

Nimepiga eksirei nyingine. Mzizi haujaumwa zaidi ya ulivyokuwa. Chonge limeshuka milimita mbili na limegeuza kichwa, halimsukumi tena mwenzake. Lile dogo litacheza miezi kadhaa, likifika mahali pake litashika kama lilivyokuwa, pengine kuliko. Ningefurahi ukiligusa baada ya mwaka, kwa kidole tu.

Kwa kuwa tunaandikiana kama watu wa kazi moja, nakupa na jambo la kitaalamu, la jumla, halimhusu mtu yeyote ninayemjua. Mzee anayemeza vidonge vya kuzuia damu isigande haruhusiwi kujing'oa jino nyumbani, wala kuviacha vidonge kwa sababu aliona damu. Aendelee kuvimeza, na amwone daktari wake wa moyo wiki hii. Na kama wiki hii pana mtu huko aliyeokolewa kwa kitambaa kilichokunjwa vizuri, basi msichana aliyekikunja ana mikono ninayoitafuta mwaka mzima kwa wasaidizi wangu siipati.

Mwezi ujao njoo naye. Ukumbini nina kiti cha mgongo mrefu na redio.

Rumyana Bozova


Studena Reka, 14 Juni 2018

Daktari, binti yangu,

Miezi kumi na sita nimekaa kwenye kiti chako cha mgongo mrefu na sijakuandikia, kwa sababu huwezi kumwandikia mtu unayemsikia kupitia ukutani anaimba akiwa kazini. Unaimba vibaya, lakini mkono wako mzuri. Jana umemtoa Zornitsa vyuma. Leo nakuandikia, maana yapo niliyoshindwa kuyasema pale mbele ya wale bibi na babu wengine, ambao wananiheshimu.

Chonge limesimama. Lile dogo jirani yake nililigusa jana ndani ya basi kwa kidole tu, kama ulivyosema. Nikasukuma. Halikwenda popote. Nikasukuma tena, mtoto akaniuma.

Usidhani nilikuwa sijui kwamba ulijua. Uliniandikia mambo ya mzee wa jumla na vidonge vya jumla. Zornitsa akidanganya masikio yake huwa mekundu, na safari ile yalikuwa mekundu wiki nzima. Nikakuacha udhani umenificha. Ni adabu uliyonifanyia, nami nikakufanyia.

Lakini hili ndilo ninalotaka liwe kwenye karatasi. Wote wanaihadithia siku ile kama ya kucheka, Fida ameisimulia mpaka vijiji vya bondeni, kwamba Velichko aliogopa. Niliogopa, ndiyo. Nilipolifunga jino langu kwenye kitasa, ilikuwa mara ya kwanza kukaa upande ule wa uzi. Mlango ulionekana mkubwa sana. Hapo nikawaona watoto wengine, mmoja mmoja, na majina yao, na macho yao, na mimi nawauliza habari za punda.

Ila hofu siyo jambo lenyewe. Jambo lenyewe ni kwamba ningelitoa. Barua yako ilichelewa siku moja. Kama mtoto yule asingekuwa na akili ya kunitanguliza, ningelitoa jino lake zima, lenye damu na uhai wake, ningelishika juu ya taa nikaliita bovu, na ningekuandikia kwa majigambo. Na mtoto, kwa adabu yake, angenishukuru. Nanyi, mkiniona pale kwenye kiti chako, bado mngenikaribisha chai. Nimelibeba hilo miezi kumi na sita na si jepesi.

Bado wananiletea watoto. Sasa kabla ya uzi nauliza miaka. Wa miaka sita mpaka kumi na moja, hao wangu, na siwaulizi tena habari ya punda, nawaambia ukweli kwamba nitahesabu mpaka tatu na nitabamiza kwenye tatu. Mara mbili nimehesabu mpaka tano kwa sababu hawakuwa tayari. Wa kumi na mbili kwenda juu nawatia kwenye basi la Spas waje kwako. Tumegawana shamba na mpaka uko wazi.

Kile kibao chako cha plastiki, cha kuyazuia meno yasirudi akilala, amekivaa jana. Anaongea nacho kama mtu aliyejaza viazi mdomoni. Nimemwambia akikipoteza atanitafuta kwanza mimi.

Idadi yangu sasa ni mia tatu na thelathini na mbili, na langu mwenyewe limo.

Asiyeamini haya na amwulize Spas, aliyebeba barua zote ila moja na kusoma mbili, na anajua ninajua. Amwulize Bibi Fida, ambaye ataapa kwamba mlango aliubamiza taratibu, na hilo peke yake ni uongo, mengine yote atasema kweli. Kisha amtafute Zornitsa Uzunova popote atakapokuwa, hata miaka sitini kuanzia leo nisipokuwepo, amwombe acheke. Jino la pili kutoka katikati, juu, kulia. Huyo ndiye shahidi wangu.

Velichko Uzunov